Nyota za kroshia zinajikunja, mipira inaonyesha pamba ya ndani: naomba msaada wa mapambo ya Krismasi

Binti_Ipagala

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za kazi. Nina oda ya mapambo ya Krismasi, nusu yanakwenda kanisani na nusu nyumbani kwa mteja, hapahapa Dodoma mjini. Wanataka nyota nyeupe za theluji 24, mipira 12 myekundu na myeupe ya kutundika mtini, kamba ya bendera za pembetatu ya mita 3 ya kupamba juu ya pango la Noeli, na kofia nyekundu 10 za watoto wa kwaya.

Sampuli hazijanipendeza. Nyota ni ya uzi wa akriliki, kroshia (sindano ya ndoano) namba 4. Ukiiweka mezani inainuka kingo, ukiitundika ncha zinalala. Nimeitia wanga, imekauka ikiwa laini vilevile. Mpira una matundu, pamba inachungulia, na ule wa michirizi umechuja, nyekundu imeingia kwenye nyeupe. Kofia sijaanza. Naomba vipimo kamili tafadhali, na sababu, ili nisirudie.

Mama_wa_Makole

Marahaba mwanangu. Nianze na nyota, maana hapo tatizo ni uzi. Akriliki ni jamii ya plastiki. Wanga hauingii ndani ya nyuzi zake, unakaa juujuu kisha unapukutika. Wala usijaribu kuinyoosha kwa pasi ya moto: inalegea, inang'aa vibaya, na hairudi tena ilivyokuwa. Nyota ya theluji inataka uzi wa pamba uliosokotwa vizuri. Ule mwembamba wa kufumia vitambaa vya makochi, kwa kroshia ya mm 1.5, unatoa nyota ya kama sentimita 6. Pamba nene kidogo kwa kroshia ya mm 3 inafika kama sentimita 11. Kwa mti wa kanisani chukua hiyo ya pili, ndogo hazionekani ukishakaa kwenye benchi.

Mfumo huu una ncha 6 na unatulia mezani:

Mzunguko wa 1: tengeneza kitanzi cha kukaza (kile kinachofungika ukivuta mkia wa uzi). Cheni 3 (hesabu kuwa dabo ya kwanza; dabo ni jicho refu, unazungusha uzi mara moja kwenye kroshia kabla ya kuingiza), kisha dabo 11 ndani ya kitanzi. Jumla 12. Vuta uzi kitanzi kifunge, unga kwa slipu (jicho fupi kabisa la kuungia) juu ya cheni ya tatu.

Mzunguko wa 2: cheni 6 (yaani dabo 1 na cheni 3). Ruka dabo moja, dabo 1 kwenye inayofuata, cheni 3. Endelea hivyo, maliza kwa slipu kwenye cheni ya tatu ya zile 6. Unapata madirisha 6.

Mzunguko wa 3: ingia dirisha la kwanza kwa slipu. Cheni 3, dabo 2, cheni 2, dabo 3, zote humohumo. Kila dirisha linalofuata: dabo 3, cheni 2, dabo 3. Unga.

Mzunguko wa 4: tembea kwa slipu mpaka kwenye nafasi ya cheni 2. Humo weka singo 1 (jicho fupi, bila kuzungusha uzi kwanza), cheni 4, singo 1, cheni 6, singo 1, cheni 4, singo 1. Hiyo ni ncha moja. Cheni 3, singo 1 kwenye mwanya kati ya dabo za dirisha moja na za dirisha jingine, cheni 3, nenda ncha inayofuata. Funga na ufiche mkia wa uzi kwa sindano, angalau sentimita 5 ndani ya dabo. Fundo tupu litafunguka ukilowesha.

Kingo zikiinuka kama bakuli, macho ni machache au mkono umekaza. Hesabu mzunguko wa kwanza tena. Wengi wanaishia na dabo 11 kwa kuzichanganya zile cheni 3 kwenye hesabu. Ikipiga mawimbi, macho yamezidi au cheni zimelegea. Kujikunja kidogo kusikutie hofu, pini zitakunyooshea.

Angalia pia maelezo unayofuata yametoka wapi. Singo ya Wamarekani ndiyo Waingereza wanaiita dabo, na dabo ya Wamarekani kwa Waingereza ni trebo. Mimi hapa nimeandika kwa hesabu ya Kimarekani, ambayo ndiyo video nyingi zinatumia. Ukichanganya, nyota inatoka nusu au mara mbili ya kimo chake na haitulii kamwe, hata ungehesabu vipi.

Sindano_Kikuyu

Kwa kusimamisha nyota tumia sukari. Kikombe 1 cha sukari, kikombe 1 cha maji, chemsha mpaka iyeyuke, acha ipoe, chovya. Inakauka ngumu kama mfupa. Na kwa rangi inayochuja, loweka uzi kwenye siki na chumvi usiku mzima.

Mama_wa_Makole

Sindano, kwa heshima, yote mawili napingana nayo kwa mazingira yetu. Sukari inasimamisha kweli, lakini inaita sisimizi, na inavuta unyevu. Dodoma mvua zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, wakati uleule mapambo yanapotundikwa. Nyota ya sukari iliyokuwa ngumu Oktoba itanata mkononi siku ya mkesha.

Siki inasaidia rangi za sufu kushika, ila kwenye pamba haina kazi hiyo, na chumvi haiokoi rangi ambayo haikushikishwa kiwandani. Dawa ya uzi unaochuja ni kuusuuza kwa maji baridi kabla ya kufuma, tena na tena, mpaka maji yawe meupe. Pima hivi: kata sentimita 20 za uzi mwekundu, ulowe kwa maji ya vuguvugu, ufunge kwenye kitambaa cheupe kibichi kwa dakika 10. Kitambaa kikibaki cheupe, endelea. Kikipata hata uwaridi, uzi huo usikae jirani na mweupe kabisa. Tengeneza mipira ya rangi moja moja.

Kwa ugumu wa nyota una njia mbili. Ya kwanza ni gundi nyeupe ya mbao, kijiko kwa kijiko na maji. Chovya nyota, ikamue kwa vidole mpaka isidondoke, vinginevyo gundi inaziba madirisha na kuacha utando unaong'aa. Ikishakauka haifuliki tena vizuri, kwa hiyo hakikisha nyota ni safi kwanza. Vumbi letu jekundu likinaswa ndani ya gundi ndiyo basi. Ya pili ni wanga: kijiko kikubwa 1 cha kornflawa koroga kwenye robo kikombe cha maji baridi, mimina kwenye kikombe 1 cha maji yanayochemka huku unakoroga mpaka uji ung'ae, uache upoe. Huu unatoka ukifua, na ni lazima ufue kabla ya kuhifadhi, maana mende wanaupenda. Unga wa muhogo wa kawaida unaacha nyota na rangi ya krimu na chembechembe.

Kwa oda ya kuuza, mimi naenda na gundi.

Kabla ya kuchovya, chora kwenye karatasi duara lenye mistari 6, kila mstari nyuzi 60 kutoka mwenzake. Iweke juu ya ile stairofomu nyeupe inayokuja kwenye maboksi ya televisheni, funika kwa nailoni inayoonyesha. Piga pini katikati, kisha ncha ya juu, ya chini, halafu zilizobaki, ukivuta mpaka kila ncha ikae juu ya mstari wake. Vile vitanzi vya cheni 4 navyo vinataka pini. Tumia pini zisizoshika kutu. Pini ya bei rahisi inaacha doa la kahawia kwenye ncha na halitoki. Kausha kivulini, juu yake weka kipande cha chandarua kisichogusa nyota. Wakati wa ukavu ni saa chache tu, mvua zikianza acha mpaka kesho yake.

Nyuzi_Kizota

Nichukue mipira. Matundu yanatoka kwenye kroshia kubwa kuliko uzi. Kwa uzi wa kati shuka mpaka mm 3, au hata mm 2.5 kama mkono wako umelegea. Akriliki hapa inafaa kabisa, mpira hauhitaji wanga.

Fuma singo mfululizo bila kuunga mizunguko, weka uzi wa rangi nyingine kuonyesha mwanzo. Anza na 6 ndani ya kitanzi cha kukaza. Kila mzunguko ongeza 6 (kuongeza ni kuweka singo 2 kwenye jicho moja): 12, 18, 24, 30. Fuma mizunguko 5 ya 30 bila kuongeza. Kisha punguza 6 kila mzunguko: 24, 18, 12, 6, na uvute mkia kufunga. Unapata mpira wa kama sentimita 5.

Mambo mawili yanaharibu umbo. Ukipanga maongezeko yote mstari mmoja, mpira unakuwa na kona sita. Kwenye mzunguko wa 24 anza kwa singo 1, ongeza, halafu singo 2, ongeza, singo 2, ongeza, ili yasipandane na ya chini. La pili ni kupunguza kwa kushika jicho zima, hapo ndipo pamba inapochungulia. Pitisha kroshia kwenye kitanzi cha mbele tu cha jicho la kwanza, kisha kitanzi cha mbele cha jicho la pili, vuta uzi kupitia vyote viwili, maliza kama singo ya kawaida. Haionekani.

Jaza ukiwa umebakiwa na macho 18, ongeza kidogo ukifika 12. Pamba au sufi ichambue vizuri kwanza, mabonge yanaonekana kwa nje. Mpira mweupe usijaze mabaki ya nyuzi za rangi, yanapenya kwa macho. Na usijaze mchele wala mtama ili uwe mzito: fukusi watakuja, na tawi la mvinje halibebi uzito huo.

Binti_Ipagala

Mungu awabariki, hili la kitanzi cha mbele sikulijua. Kofia na bendera je? Na mteja anauliza kama naweza kufuma vifuniko vya mishumaa ya shada la Majilio, mitatu zambarau na mmoja waridi.

Mama_wa_Makole

Vifuniko vya mishumaa kataa. Akriliki ikishika moto inayeyuka na kunata kwenye ngozi, pamba nayo inawaka. Mwambie utafuma utepe wa zambarau na waridi wa kuzunguka sahani ya chini, mbali na mwali, na mshumaa usimame ndani ya glasi. Taa za LED za mtini hazina shida, zile za zamani zenye uzi wa moto ndani zinachoma.

Kofia, ningemshauri mteja abadili. Desemba ni joto, akriliki hainyonyi jasho, watoto wataivua kabla ya wimbo wa pili. Wafumie bendi ya kichwa ya pamba. Kichwa cha mtoto wa miaka 6 hadi 10 ni kama sentimita 51 mpaka 53, bendi iwe 47, itavutika yenyewe. Cheni 11, rudi na singo 10, na kila mstari uanze kwa cheni 1 ya kugeuzia. Fuma kwenye kitanzi cha nyuma tu, hicho ndicho kinachoipa mvutano. Ikifika 47 bila kuivuta, unga mwisho na mwanzo. Juu ya maungio shonea majani mawili ya kijani: cheni 8, kisha kuanzia cheni ya pili toka kwenye kroshia weka singo, nusu dabo (kimo chake kati ya singo na dabo), dabo 3, nusu dabo, singo, zunguka upande wa pili vilevile. Katikati ya majani weka vitufe vitatu vyekundu.

Nyuzi_Kizota

Bendera: pembetatu ya sentimita 12 juu na 12 kwenda chini. Anzia ncha ya chini, singo 1, geuza, na kila mwanzo wa mstari ongeza moja mpaka ufike singo 24. Kwa kuwa unageuza, maongezeko yanapishana kushoto na kulia na pembetatu haiegemei. Bendera 18, nafasi ya sentimita 4 kati yao, zinakupa sentimita 284. Acha nyuzi za kufungia sentimita 30 kila upande.

Usizitundike kwenye cheni tupu. Cheni inavutika kwa uzito, kesho yake katikati imeshuka mpaka kwenye paa la pango. Chukua kamba nyembamba ya nailoni ya mita 3.6, ilaze juu ya bendera, fuma singo 24 ukiwa umeizunguka ndani, kisha singo 8 juu ya kamba pekee ndipo ushike bendera inayofuata.

Kuhusu kununua uzi: maliza kimoja cha kila aina, kipime kwenye mizani ya jikoni, zidisha kwa idadi, ongeza sehemu moja ya kumi. Kisha nenda soko la Majengo au la Sabasaba ununue wote siku moja, ukikagua namba ya bechi (mkupuo mmoja wa kutiwa rangi kiwandani) kwenye lebo ya kila robota. Nyekundu ya bechi mbili haifanani, na tofauti inaonekana zaidi bendera zikiwa zimepangwa ubavu kwa ubavu.

Binti_Ipagala

Nimeelewa. Zile nyota za akriliki nilizokwisha fuma nizifumue?

Mama_wa_Makole

Usizifumue, ulishazitia wanga, uzi utakuwa umeparuza. Zifue kwa maji baridi, kisha zishonee kwenye mito ya makochi au mifuko ya zawadi ya kitambaa. Shika kila ncha kwa mishono miwili na mzunguko wa pili kwa mishono sita, moja kwenye kila dabo. Nyuma ikiwa na kitambaa haihitaji kusimama.