Fundi anasema tuanze bila kibali, nyumba iliingia maji ya kimbunga Helene. Naombeni ushauri

MamaWatatu

Hamjambo ndugu zangu. Naomba kusikia kutoka kwa waliopitia haya, hasa mlioko Florida.

Tunakaa Shore Acres, St. Petersburg. Nyumba ni ya chini, ya mwaka 1968, sakafu ya zege imelala juu ya ardhi. Helene ilipokuja usiku wa Septemba 26 tulikuwa tumeshahamia kwa shemeji yangu Orlando, Mungu ni mwema. Tuliporudi, alama ya maji ukutani ilikuwa inchi 26. Makapeti, milango, makabati ya jikoni, vyote vimevimba. Kabla hatujamaliza kutupa vitu barabarani, Oktoba 9 kikaja kimbunga kingine, Milton, kikang'oa vigae upande mmoja wa paa.

Tumebomoa jipsamu hadi futi nne kuzuia kuvu. Mume wangu ni dereva wa lori, siku tano kwa wiki hayupo, kwa hiyo haya mambo ninayahangaikia mimi.

Jumamosi alikuja fundi, anapita mlango kwa mlango. Makadirio yake ni dola 74,000 kwa kila kitu, anataka 8,000 taslimu aanze Jumatatu. Nikamuuliza kibali. Akasema kazi ya ndani haihitaji, na nikiona lazima, nikachukue mwenyewe kwa jina langu.

Jirani naye ananiambia kuna kanuni ya asilimia 50: matengenezo yakipita nusu ya thamani, unaamriwa kuinua nyumba nzima. Kwenye rekodi za kodi nyumba imeandikwa 121,000 na ardhi 235,000, jumla 356,000. Nusu yake ni 178,000, na mimi natengeneza kwa 74,000. Si niko salama? Watoto wamechoka kulala sebuleni kwa watu, na mimi nimechoka pia. Nataka kurudi kwangu.

Nguzo_FortMyers

Pole sana dada. Nakuomba usimpe huyo mtu hata senti kabla hujasoma hapa mpaka mwisho. Mimi niliingiwa na maji ya kimbunga Ian, Septemba 28, 2022, na makosa unayotaka kuyafanya nimeyafanya.

Hesabu yako ina kasoro moja kubwa. Ardhi haimo. Kanuni inaangalia thamani ya jengo peke yake, jinsi lilivyokuwa kabla ya kimbunga. Kwako ni 121,000, nusu yake 60,500. Kwa makadirio ya 74,000 umeshapita. Ukipita, na nyumba iko ndani ya eneo la mafuriko kwenye ramani za FEMA (shirika la serikali kuu la maafa), jengo linahesabiwa limepata uharibifu mkubwa na lazima lifikishwe kwenye kanuni za sasa. Kwa nyumba ya 1968 iliyolala chini, maana yake ni kuiinua, au kuibomoa na kujenga upya juu zaidi.

Usikate tamaa. Ile namba ya kodi si neno la mwisho. Tafuta mthamini mwenye leseni ya Florida, mwambie unataka thamani ya jengo tu, siku moja kabla ya Helene. Mara nyingi inatoka juu kuliko ya kodi. Yangu ilipanda, na ndiyo iliyoniokoa.

Halafu chambua gharama. Kutupa takataka, kukausha, turubai la muda juu ya paa, ada ya kibali, michoro, uzio, banda la nje: hivyo havihesabiwi. Friji na mashine ya kufulia ya kuchomeka havimo. Makabati ya jikoni yamo. Na hili wengi hawalijui: kazi mtakayofanya wenyewe inahesabiwa kwa bei ya soko, hata kama hamkulipana. Jipsamu ya msaada kutoka kanisani nayo ni hivyo hivyo.

Kubomoa kilicholowa na kufunika paa ulikuwa na haki ya kufanya mara moja. Kufunga kuta tena ndiko kunakohitaji kibali. Mimi nilifunga chumba kimoja cha watoto kwa haraka ya kurudi. Mkaguzi alipokuja alitaka kuona nyaya na sufi ya kuzuia joto iliyo ndani ya ukuta. Nikaufungua ukuta niliokwisha kuupaka rangi. Nililia siku ile, sioni aibu kusema.

FundiUmeme_Tampa

Naongezea upande wangu. Mama, maji yaliyoingia kwako ni ya bahari. Chumvi inabaki ndani ya soketi na nyaya na inaendelea kula shaba hata baada ya kukauka. Soketi zote zilizozama zitolewe, na sanduku la umeme likaguliwe na mtu mwenye leseni kabla hujawasha chochote. Nimefungua soketi zilizoonekana nzima kwa nje, ndani kijani kitupu.

Kuhusu huyo fundi: Florida, kufanya ukandarasi bila leseni wakati wa hali ya dharura iliyotangazwa ni jinai nzito. Mwombe namba ya leseni, uitafute kwenye tovuti ya DBPR, idara ya leseni za kitaaluma ya Florida. Akikuambia uchukue kibali kwa jina lako, jua mara nyingi ni kwa sababu yeye hawezi kuchukua. Kibali cha mwenye nyumba kinakufanya wewe ndiye mkandarasi. Akianguka kutoka paani, ni juu yako. Pia mkandarasi halali akipokea zaidi ya asilimia 10 mwanzoni, sheria inampa siku 30 kuomba vibali. Zile 8,000 zimepita asilimia 10.

Msafiri_88

Mnamtisha mama wa watu. Mtaani kwetu nusu ya nyumba zimetengenezwa bila karatasi na hakuna aliyekuja kuuliza.

Nguzo_FortMyers

Ndugu Msafiri, hata kwetu walisema hivyo. Mwaka 2024 FEMA ilitangaza kuziondolea Lee County, wilaya yetu, na miji yetu kadhaa punguzo la bima ya mafuriko, sababu moja ikiwa matengenezo yasiyo na kibali baada ya Ian. Baadaye maeneo mengi yaliponea chupuchupu, lakini miezi ile kila mtu aliishi na hofu, hata aliyefuata kila kitu. Na siku ukiuza, wakili wa mnunuzi anatafuta vibali. Nyumba iliyozama inchi 26 bila kibali hata kimoja, atauliza.

Dada, una bima ya mafuriko ya NFIP, ule mpango wa serikali kuu? Ukiwa nayo na ukapewa barua ya uharibifu mkubwa, kuna hadi dola 30,000 za kusaidia kuinua au kubomoa. Hiyo barua usiiogope kama hukumu, kwa wengine ndiyo mlango wa msaada.

MamaWatatu

Nimerudi, samahani kwa kimya cha wiki tatu. Yule fundi nilimwomba namba ya leseni, hakujibu tena.

Mthamini alikuja. Jengo peke yake, kabla ya Helene: 168,000. Nusu yake 84,000. Nimepata mkandarasi mwenye leseni, na paa na umeme vikiwemo ni 77,500. Tumeshatenga gharama za kutupa takataka. Nafasi iliyobaki ni nyembamba, lakini ipo. Nilisoma ile ripoti nikiwa garini, nikampigia mume wangu akiwa Georgia, tukakaa kimya kwenye simu dakika nzima.

Jumanne napeleka makaratasi ya kibali. Nguzo, swali moja kaka yangu: rangi tutapaka sisi wenyewe. Kwenye fomu ya gharama naiandika kwa saa au kwa chumba?

Nguzo_FortMyers

Alhamdulillahi! Mwombe mkandarasi wako aiweke kwenye karatasi yake kwa bei ambayo angekutoza yeye, kwa futi za mraba, na aandike kwamba itafanywa na wenye nyumba. Kisha jumlisha tena uone bado uko chini ya 84,000. Na piga picha kila ukuta ukiwa wazi kabla ya jipsamu kuwekwa.