Buluu ya Caledonian 123 inanishinda

Habari wakuu. Natengeneza modeli ya kichwa cha treni namba 123 cha Caledonian (kampuni ya zamani ya reli ya Uskoti), kilichoundwa Glasgow mwaka 1886, kwa kipimo cha milimita 4 kwa futi. Gurudumu kubwa la futi 7 limetoka milimita 28 kamili, nimefurahi mno! Ila buluu imekuwa nzito kama wino, na vichwa vya ribiti kwenye behewa la makaa vimezama. Nifanyeje?

— Pole mkuu. Bodi ya modeli ni plastiki au shaba? Tina (kiyeyusha rangi) huyeyusha plastiki.

— Shaba.

— Basi safisha rangi yote kwa tina na mswaki laini, kisha pulizia tabaka nyembamba. Brashi ndiyo inayozika ribiti.

— Kichwa chenyewe halisi kipo makumbusho ya Riverside Museum, Glasgow. Nenda na kadi za rangi ulinganishe kwa macho. Picha zinadanganya.