Nikikataa ovataimu ya Jumapili, nina kosa?

Fundi wa Mtandao: Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi kwenye mamlaka ya maji, mwanachama hai wa chama cha wafanyakazi, ada nakatwa kila mwezi. Juzi nimeingia saa 1 asubuhi. Saa 10 jioni nimeshanawa mikono, supavaiza ananiambia nibaki tufunge mita mpya za wateja. Nimetoka saa 4 usiku. Sasa Jumapili kanipanga tena mimi yule yule, eti kwa sababu naishi karibu na stoo. Nimemwambia nina mgonjwa nyumbani, akanijibu maji ni huduma muhimu, nikikataa ananiandikia barua. Kweli sina haki ya kukataa?

Katibu wa Tawi: Pole sana ndugu yangu. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 19, ovataimu haifanyiki bila makubaliano. Kwa hiyo kabla hujabishana na mtu, soma mkataba wako wa ajira na ule mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri. Kama humo ulishakubali, ukigoma tu bila sababu wanaweza kukupeleka kwenye nidhamu.

Lakini hata aliyekubali ana ukomo: saa 12 kwa siku, ovataimu ikiwemo, na saa 50 za ziada ndani ya wiki nne. Wewe juzi umekaa kazini saa 15! Hilo halikubaliki hata kama ulibaki kwa hiari.

Hiyo "huduma muhimu" anakutisha nayo bure. Inahusu katazo la kugoma, kifungu cha 77. Kinacholegeza ukomo wa saa ni dharura, kazi isiyoweza kufanyika ndani ya saa za kawaida. Bomba kuu likipasuka usiku wa manane, mtaa mzima hauna maji, nenda. Mita mpya zinasubiri Jumatatu.

Mhasibu: Na hela uzidai. Ovataimu ni mara moja na nusu ya mshahara wa msingi kwa saa, siku ya mapumziko ni mara mbili. Kuanzia saa 2 usiku ongeza asilimia 5, tena inapigwa juu ya kiwango cha ovataimu. Wengi hii ya usiku hawalipwi kwa kuwa hawaiandiki kwenye fomu.

Fundi wa Mtandao: Nimeusoma wa hali bora. Unasema ovataimu ipangwe kwa mzunguko, na mtu ajulishwe siku moja kabla. Huo mzunguko mimi sijawahi kuuona ubaoni.

Katibu wa Tawi: Basi hapo ndipo pa kubana. Usipotee Jumapili kimya kimya. Andika barua leo, taja mgonjwa, taja zile saa 15, omba orodha ya mzunguko, nakala ilete tawini, na yako igongwe muhuri wa masjala. Na usikimbilie CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wa migogoro ya kazi, kwanza, mtumishi wa umma anatakiwa amalize ngazi za ndani. Mwenyekiti na mimi tutamwona meneja rasilimali watu kabla ya Ijumaa.