Wanafunzi 147 wa halaiki: nitawapangaje katika safu zilizo sawa?

Mwalimu wa Zamu

Habari zenu ndugu zangu. Nimepewa jukumu la kuandaa halaiki ya mahafali ya darasa la saba, na wanafunzi watakaoshiriki ni 147, yaani wavulana 63 na wasichana 84. Mwalimu mkuu ameagiza kwamba safu zote ziwe na idadi sawa, kila safu iwe ya wavulana watupu au wasichana watupu, na kila mwanafunzi awe mita mbili kutoka kwa mwenzake ili wakinyoosha mikono wasigusane. Eneo lililo mbele ya wageni lina upana wa mita 30 na urefu wa kutosha kwenda nyuma. Nikiwapanga kumi kumi wanabaki saba, na nikiwapanga kumi na wawili wanabaki watatu. Je, ipo njia ya kujua mapema mipangilio inayowezekana, badala ya kuwasimamisha watoto juani huku nikibahatisha?

Chaki Nyeupe

Mwalimu mwenzangu, njia ipo, na wanafunzi wako wenyewe wameshaisoma: tafuta vigawo vya 147. Idadi ya wanafunzi katika safu ni lazima iwe kigawo cha idadi ya wote, la sivyo watabaki wengine wasio na safu. Huna haja ya kujaribu namba zote, kwa sababu vigawo huja jozi jozi, na kwa kuwa 12 mara 12 ni 144 ilhali 13 mara 13 ni 169, katika kila jozi kigawo kidogo hakiwezi kuzidi 12. Tarakimu za 147 zikijumlishwa zinatoa 12, kwa hiyo namba hiyo inagawanyika kwa 3 na jibu ni 49, ambayo ni 7 mara 7. Vigawo vyote basi ni 1, 3, 7, 21, 49 na 147. Ukiacha mipangilio ambayo haina sura ya halaiki, unabaki na jozi moja tu, 7 na 21.

Safu ya watoto 21 ina nafasi 20 katikati yao, si 21, na kwa mita mbili kila nafasi utahitaji mita 40. Uwanja wako hautoshi. Itakubidi upange safu 21 za watoto saba saba, yaani safu tisa za wavulana na 12 za wasichana, zitakazochukua upana wa mita 12 na kurudi nyuma mita 40.

Mkufunzi Mstaafu

Hesabu ya Chaki Nyeupe ni sahihi, lakini mpangilio huo mimi nisingeuchagua hata kidogo. Wageni wanaokaa mbele wataona watoto saba, na wengine wote watakuwa wamefichwa nyuma yao kama mkia wa foleni. Vigawo vinakueleza kinachowezekana kwa namba uliyonayo, ila hakuna aliyekulazimisha kubaki na namba hiyo.

Wachukue wavulana watatu uwape kazi nyingine inayoonekana, mmoja abebe bendera na wawili wapige ngoma, ili asiwepo mtoto atakayejiona ameachwa. Sasa una wavulana 60 na wasichana 84. Kigawo Kikubwa cha Shirika cha namba hizo ni 12, kwa hiyo utapata safu tano za wavulana na saba za wasichana, kila moja ikiwa na watoto 12. Jumla ni safu 12 za watoto 12, mraba kamili wenye mita 22 kila upande.

Faida nyingine ni kwamba 144 ina vigawo 15, wakati 147 ina sita tu. Ukitaka maumbo yabadilike katikati ya onyesho, kila safu inaweza kukatwa katikati, nusu yake ikarudi nyuma, ukapata safu 24 za watoto sita sita. Mpangilio wa safu 16 za watoto tisa nao unawezekana kwa hesabu, lakini karibu kila mtoto atalazimika kuhama, na safu zenyewe zitachanganya wavulana na wasichana, kwa sababu 60 haigawanyiki kwa 9. Kwa watoto wa shule ya msingi ningeuacha.

Mwalimu wa Zamu

Nawashukuru sana, nitauchukua mraba wa 12 kwa 12. Swali lililobaki ni hili: mtoto mmoja akiugua siku yenyewe, nifanye nini?

Chaki Nyeupe

Ukiangalia jumla peke yake utaona nafuu, kwa sababu 143 ni 11 mara 13. Tatizo liko kwenye sharti la mwalimu mkuu: akikosekana mvulana wanabaki 59, na akikosekana msichana wanabaki 83, na zote mbili ni namba tasa. Usipange upya uwanjani. Wapiga ngoma wako wajifunze hatua zote ili mmoja wao aweze kuziba pengo la mvulana, na kwa upande wa wasichana uongeze wawili wa akiba kutoka darasa la sita, wafanye mazoezi pamoja na wenzao tangu mwanzo.