Wauzaji wa spea za Mustang ya 1969: andikeni vipimo kwenye boksi, au mturudishie fedha zetu

Ndugu wadau, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Ninafufua Ford Mustang ya 1969 yenye injini ya 351 Windsor (351 ni ujazo wake kwa inchi za ujazo), na sehemu kubwa ya yaliyonikwamisha haikutokana na kutu, umri wa gari wala uhaba wa mafundi. Imetokana na spea mpya kabisa, zilizoagizwa kutoka nje, zikaja kwenye boksi zuri lenye bendera ya Marekani na maneno yanayodai kwamba zinaingia moja kwa moja bila kurekebishwa. Wauzaji hawa wanatuuzia sura ya spea pamoja na orodha ya miaka, huku vipimo vinavyoamua kama injini itadumu au itakufa wakivikalia kimya.

Nianze na tapeti, yaani vile vipande vya chuma vinavyosukumwa na nundu za kemshafti, mhimili unaozunguka ndani ya injini, ili valvu zifunguke, kwa sababu ndizo zilizoniumiza zaidi. Injini hizi za zamani hutumia tapeti zinazoitwa za kitako bapa, ingawa kitako chenyewe si bapa kabisa: kinatakiwa kiwe na mbinuko mdogo sana katikati, takriban inchi 0.002, na nundu ya kemshafti nayo huchongwa kwa mshazari kidogo, ili tapeti izunguke kila inaposukumwa. Ikizunguka, msuguano unasambaa na vyuma viwili vinazoeana. Isipozunguka, nundu inalika ndani ya dakika chache. Utaratibu wa kuzoesha kemshafti mpya tuliufuata hatua kwa hatua: oili yenye zinki na fosforasi ya kutosha kulinda vyuma visilike, springi za ndani za valvu zimetolewa ili kupunguza mgandamizo, na injini ikashikiliwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika ili ikae hapo kwa dakika 20. Muda huo haukwisha. Upande wa kushoto ulianza kugonga, tukazima. Tulipofungua, nundu ya valvu ya kutolea moshi ya silinda ya 7 ilikuwa imesagika hadi ncha yake yote imekwisha, na kitako cha tapeti yake kilikuwa na shimo ambalo kidole kinalihisi bila shida.

Fundi wangu alikuwa na boksi jingine la tapeti hizohizo, halijafunguliwa. Tukazitoa, tukashikanisha mbilimbili kitako kwa kitako mbele ya taa. Tapeti nzima zikishikanishwa hivyo hubembea kidogo, na mwanga hupenya pembeni kuzunguka ukingo wote. Hizi zilikaa tuli kama vipande viwili vya kioo, na katika jozi kadhaa tuliona mstari mwembamba wa mwanga ukipita katikati, maana yake kitako kimebonyea kwenda ndani badala ya kubinuka kwenda nje. Hakuna injini duniani itakayoizungusha tapeti ya namna hiyo.

Muuzaji alipopelekewa picha alijibu kwamba tatizo ni oili. Wengi wenu mmeshapewa jibu hilo, na linauma kwa sababu lina chembe ya ukweli ndani yake. Ni kweli kwamba kiwango cha oili cha API SM cha mwaka 2004 kiliweka kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08 kwa oili nyepesi, ili kulinda kichujio cha moshi cha magari mapya, na oili ya namna hiyo haifai kwa kemshafti za aina hii. Lakini oili tuliyoweka haikuwa hiyo, risiti na chupa yake alionyeshwa, na hata kama ingekuwa hiyo, oili haiwezi kubadilisha umbo la kitako kilichochongwa vibaya kiwandani. Alichokubali kurudisha ni bei ya tapeti peke yake. Kemshafti iliyoharibika, beringi zilizokwaruzwa na unga wa chuma uliosambazwa na oili, gasketi na gharama ya kuifungua injini nzima na kuiosha kila tundu, hayo yote ameniachia mimi.

Kuna pia sahani yenye meno inayounganisha kranki na giaboksi ya otomatiki. V8 ndogo za Ford za familia hii husawazishwa kwa uzito uliowekwa nje ya kranki, na kwa miaka mingi uzito huo ulikuwa wa aunsi-inchi 28 (uzito kwa aunsi ukizidishwa na umbali wake kwa inchi kutoka katikati). Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ford ilibadilisha injini ya 302 ikawa ya aunsi-inchi 50, lakini 351 Windsor ilibaki na 28. Sahani za aina hizo mbili zinafanana kwa macho, na zinaweza kulingana hata kwa idadi ya meno; kinachotofautiana ni uzito uliochomelewa. Lebo ya boksi langu ilisema 28. Fundi wa kusawazisha kranki aliipima kabla haijafungwa, akakuta ni 50. Fikirini kama ingefungwa hivyohivyo: injini ingetetemeka tangu siku ya kwanza, beringi zingegongwa kila mzunguko, na muuzaji angetuambia tumepanga vibaya.

Manifoldi ya kuingizia hewa nayo iliorodheshwa kuwa ni ya "351, 1969 hadi 1974", kana kwamba 351 ni injini moja. Ni injini mbili. Windsor ilipewa jina la mji wa Kanada ilikotengenezwa, Cleveland jina la mji wa Ohio, na ingawa zote zina kipenyo cha silinda cha inchi 4.00 na mwendo wa pistoni wa inchi 3.50, silinda hedi zake ni tofauti na maji ya Windsor hupita ndani ya manifoldi, ilhali ya Cleveland hayapiti humo. Anayeuza spea za Ford kwa riziki yake analijua hili. Fenda ya kulia sitaisemea sana: bati lake ni jembamba kuliko la ile tuliyoitoa, na mwanya wake na mlango ni mpana juu na umebana chini, hivyo fundi wa bodi amelazimika kuikata na kuichomelea upya.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba Marekani yenyewe ina sheria. Sheria ya ushuru ya mwaka 1930 inataka bidhaa inayoingizwa nchini humo iwe na alama ya nchi ilikotengenezwa, ili mnunuzi wa mwisho aione. Kwenye boksi langu sikuona nchi yoyote, niliona bendera na neno "imebuniwa". Kwa upande wa bolti, baada ya soko kujaa bolti bandia, bunge lao lilipitisha sheria ya ubora wa vifungio mwaka 1990, na kichwa cha bolti ya daraja la 8 kina mistari sita pamoja na alama ya kiwanda. Bolti inajieleza yenyewe mkononi. Tapeti, ambayo ikikosewa inaua injini nzima, haijiandiki chochote.

Ninachodai si kikubwa. Ugumu wa chuma kwa kipimo cha Rockwell, mbinuko wa kitako, uzito wa kusawazisha uliopimwa, aina ya injini kwa jina lake, na nchi ya kiwanda, vyote viandikwe kabla mnunuzi hajalipa. Kipimo kikikutwa si hicho, muuzaji agharimie usafiri wa kurudisha mzigo na ushuru uliokwishalipwa, badala ya kutukata ada ya kupokea spea aliyoikosea yeye.

Wenye tapeti za kitako bapa ambazo bado hazijafungwa, naomba mzishikanishe mbele ya taa kama nilivyoeleza, kisha muweke hapa picha, namba ya spea na tarehe iliyochapwa kwenye boksi. Mwenye kifaa cha Rockwell aongeze na ugumu aliousoma. Nikipata za kutosha nitampelekea muuzaji zote kwa pamoja, maana hadi leo anashikilia kwamba mimi ndiye mteja pekee aliyelalamika.