Helikopta za mafunzo zinaanguka: tufute zoezi la injini, au tumwangalie mwalimu?

Mleta mada

Wadau, kila helikopta ya mafunzo inapoanguka mwalimu na mwanafunzi wakiwa ndani, utasikia mambo mawili: mwanafunzi alibabaika, au zoezi la kushuka bila nguvu ya injini ni la hatari mno, lifutwe. Mimi nasema tumtazame aliyekaa kiti cha mwalimu, na saa alizoruka kabla ya kukabidhiwa kiti hicho.

Kwa wasiolijua zoezi lenyewe: injini haizimwi kabisa. Mwalimu anapunguza mafuta, injini inabaki inanguruma bila kusukuma mapanga. Hapo mwanafunzi anatakiwa ashushe mara moja wenzo wa mkono wa kushoto, ule unaobadili mwinamo wa mapanga yote kwa pamoja. Akiuwahi, hewa inayopita kutoka chini inayazungusha mapanga mpaka karibu na ardhi. Akichelewa, mzunguko unapungua, king'ora kinalia, na mapanga yakifika kama asilimia 80 ya kasi yake ya kawaida hayarudi tena. Kwenye helikopta ndogo ya Robinson R22, ambayo mapanga yake ni mepesi, muda wa kuamua ni sekunde moja au mbili hivi. Mwanafunzi akishazimaliza kwa kushangaa, mwalimu anabaki na nini?

Marekani waliliona hili. Mwaka 1995 mamlaka yao ya anga, FAA, ilitoa kanuni maalumu kwa R22 na ndugu yake mkubwa R44: kwenye R22 mwanafunzi asiruke peke yake kabla ya saa 20 akiwa na mwalimu, na mwalimu wa R22 awe na saa 200 za helikopta, 50 kati yake kwenye R22 yenyewe. Sawa, lakini saa 200 ni kitu gani? Leseni ya rubani wa biashara kule inahitaji saa 150. Juzi mwanafunzi, leo mwalimu. Na wengi hawana hamu ya kufundisha, wanakusanya saa ili waajiriwe kwingine.

Kiwango hicho cha saa kipandishwe. Nipingeni.

Mzazi wa mwanafunzi

Simuleta, zile mashine za kuigiza urukaji, zipo za nini? Mwanangu anasomea kazi hii na sioni sababu ya kumfundisha kuanguka kwa kumwangusha. Afanye mara mia kwenye chumba chenye kiyoyozi, akikosea wanabonyeza kitufe wanaanza upya.

Mwalimu wa urubani

Mzazi, nakuelewa. Simuleta inafundisha utaratibu vizuri sana, hasa ule mkono wa kushoto kushuka bila kufikiri. Inaposhindwa ni mwishoni kabisa: unainua pua kupunguza mwendo, unasawazisha chombo, na huwezi kujua uko juu kiasi gani mpaka uone majani yenyewe yanavyokukimbilia. Pia kwenye mafunzo ya kawaida hatuendi hadi kugusa ardhi. Tunarudisha nguvu ya injini tukiwa bado hewani, na hata mtihani wa leseni binafsi Marekani unafanywa hivyo.

Mleta mada, hapa tunapishana. Mwalimu mpya ni mwoga, mkono haumtoki kwenye wenzo. Mkongwe ndiye anayeachia kosa likue kwa sababu ameshaliokoa mara nyingi. Halafu huyo mwenye saa 200 ukimfungia darasa, saa nyingine atazipata wapi? Atakwenda kubeba abiria, bila mtu wa kumrekebisha.

Isitoshe, ajali za darasani si za zoezi hili tu. Mnaelea futi chache, chuma kimoja cha kutulia kinanasa kwenye nyasi, mwanafunzi anavuta wenzo juu badala ya kuushusha, chombo kinalala ubavu. Ukifuta zoezi, hilo linabaki pale pale.

Mchangiaji

Mbona hamgusi chombo? R22 ilipata cheti mwaka 1979, na Frank Robinson aliyeibuni aliikusudia iwe usafiri wa bei nafuu wa mtu binafsi, wala si darasa. Helikopta nyingine, Cabri G2, ina mapanga matatu yanayotunza mzunguko vizuri zaidi, mwanafunzi anapata nafasi ya kupumua. Shule zinang'ang'ania R22 kwa ajili ya gharama tu. Semeni ukweli.

Mleta mada

Gharama ndiyo, sibishi. Ila chombo kinachosamehe nacho kinazalisha rubani atakayeshtuka siku akipanda kisichosamehe.

Mwalimu, la mkongwe kuzoea nalipokea nusu. Dawa yake ni kumkumbusha mkongwe, haiwi sababu ya kumwamini asiye na uzoefu. Nikuulize: siku ya kwanza ya zoezi unahesabu kwa sauti, au unapunguza mafuta kimyakimya?

Mwalimu wa urubani

Nahesabu, tatu, mbili, moja, na mwanafunzi anashusha wenzo kwanza ndipo mimi napunguza mafuta. Kumshtukiza ni baadaye sana, na kwa R22 kuna wanafunzi sijawahi kuwashtukiza hata kidogo. Akiganda simsemeshi, nashusha mwenyewe.

Mleta mada

Basi hilo la kushusha kwanza liandikwe kwenye kanuni, lisiachiwe busara ya mtu.

Mwalimu wa urubani

Liandikwe, nitasaini wa kwanza. Saa 200 ndizo ninazokataa uziguse.

Mzazi wa mwanafunzi

Na mimi bado sijajibiwa: huko kushtukizwa, mwanafunzi ana haki ya kukataa?