Mada: Muhuri wa Goma umekataliwa. Nani amepita?

Mama Furaha (Ohio) aliandika:

Jambo wote. Leo ubalozi wa Kongo (Kinshasa) umenirudishia faili ya viza. Mama yuko Goma, mtaa wa Himbi, na mdogo wangu, ana sukari na kidonda cha mguu hakiponi. Nilishaapa uraia wa Marekani hapa mwaka juzi, kwa hiyo najua ninaingia kwetu kwa viza kama mgeni yeyote. Prise en charge, ile barua ya mwaliko ya mwenyeji, alinitumia mjomba, imepigwa muhuri komini, ofisi ya mtaa kule Goma. Yule kijana wa dirishani akaigeuza karatasi, akaiinua kwenye mwanga, akaniuliza, "Muhuri wa nani huu?" Nikamwambia wa komini. Akasema, "Komini ya nani?" Basi, ikaishia hapo, na pesa hairudi.

Swali ni moja tu: kuna aliyepeleka barua yenye muhuri wa Goma baada ya waasi wa M23 kuuteka mji Januari 2025 ikakubaliwa? Au lazima mwaliko utoke Kinshasa, ambako sina mtu? Nina likizo ya siku 12.

Kaka wa Birere (Leeds):

Pole sana dada. Mimi nilipita mwezi wa sita, wala si kazi. Shuka Kigali, panda basi Nyabugogo mpaka Rubavu, yaani Gisenyi, nenda Grande Barrière, kivuko kikubwa cha kuingia Goma. Usijaribu Petite Barrière, ile ni ya wenye jeton, karatasi ya kuvukia ya wakazi wa mpakani, na mama wauza nyanya, na pasipoti yako watakugeuza. Beba kadi ya homa ya manjano, ya karatasi, si picha ya simuni. Dola ziwe safi kabisa, hata tundu la pini litakukosesha. Benki Goma zilifungwa mji ulipotekwa, kwa hiyo usitegemee kadi yako ya ATM. Mimi nilitoa pesa Gisenyi nikavuka nazo. Na usilale njiani: fika mpakani asubuhi, ukipata shida uwe na mchana wa kurudi.

Mzee wa Katindo (Brussels):

> Mimi nilipita mwezi wa sita, wala si kazi

Ulipita na karatasi yako ya kuvukia ya CEPGL, Kaka. Wewe bado raia. CEPGL ni ya watu wa Kongo, Rwanda na Burundi, na Mama Furaha ana pasipoti ya Marekani. Someni swali kabla ya kujibu.

Ila msimlaumu kijana wa dirishani. Laumuni kifungu cha 10 cha katiba: uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganywi na mwingine. Tangu 2006 tunaimba habari hiyo hiyo. Karo tunalipa sisi, jeneza tunanunua sisi, tukifika mpakani tunaambiwa wageni. Tulipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022 nilidhani mambo yatalegea. Wapi!

Dogo wa Dallas:

Mama Furaha usitoke kabisa! Trump aliwafungia watu wa Kongo mlango wa Marekani mwezi wa sita 2025, hautarudi.

Mzee wa Katindo:

Ile ni Kongo ya BRAZZAVILLE. Mara ngapi?

Dogo wa Dallas:

Sawa mzee, samahani. Basi kwa nini asiruke Kinshasa, halafu ndege ya ndani mpaka Goma?

Kaka wa Birere:

Ndege gani, dogo? Uwanja wa Goma ulifungwa mji ulipoanguka, Januari hiyo hiyo. Kavumu, uwanja wa Bukavu, nao ukafuata Februari. Kinshasa ni kama bara lingine sasa.

Binti Ndosho (Kentucky):

Niseme jambo kwa wakimbizi wenzangu ambao hawajaapa. Mkijaza fomu I-131 mkapata ile I-571, hati ya safari ya mkimbizi, isomeni vizuri kabla ya kuvuka. Ulisema umekimbia nchi fulani, ukionekana umerudi huko kwa hiari yako, utaulizwa, na hadhi yenyewe inaweza kuguswa. Mimi ndiyo iliyonizuia. Baba alizikwa nikiangalia kwenye simu, mtandao ukakata wakati wanashusha. Uliporudi, watu walikuwa wameshaondoka, nikaona chukudu moja, baiskeli ya mbao ya mizigo, imeegeshwa na koleo juu yake. Wakili aliniambia nisubiri N-400, ombi la uraia. Nikasubiri.

Mama Furaha:

Pole sana binti yangu. Mimi N-400 ilipita, hilo halinisumbui. Ni muhuri tu.

Baba Pacha (Ottawa):

Bima mmeizungumza? Mimi nililipia bima ya safari, nikaumwa malaria kali huko, kampuni ikaniandikia kwamba sehemu hiyo serikali imekataza watu kwenda, kwa hiyo hawalipi. Ilikuwa ukurasa wa 14, herufi za mchwa. Muulize kwa maandishi kabla hujalipa: Kivu mnailipia au hapana?

Na wewe wa Marekani, angalia tangazo lao la ngazi ya 4, lile la "usisafiri". Wanakushauri uandike wosia, umwachie daktari DNA, mkubaliane nyumbani swali la siri ukitekwa. Mke wangu alicheka mpaka akalia. Halafu akaniuliza kweli, swali letu liwe lipi. Tukachagua jina la mbuzi wa bibi yake.

Kaka wa Birere:

Wosia wa nini, mtu anaenda kwa mama yake! Goma watu wanaishi. Wanauza, wanaoa. Mimi nilikula sambaza, wale samaki wadogo, kando ya ziwa jioni tatu mfululizo.

Mzee wa Katindo:

Wanaishi chini ya bunduki. Usiwapambe.

Kaka wa Birere:

Mzee, nimesema wanaishi. Sijasema wanafurahi. Uko Brussels tangu kabla sijazaliwa.

Binti Ndosho:

Jamani. Mama yuko kitandani.

Mama Furaha:

Habari mpya. Mdogo wangu amemvusha mama jana, wako Gisenyi, mguu umeoshwa. Viza ya Rwanda nitapewa pale Kanombe, uwanja wa ndege wa Kigali, sihitaji mwaliko wa mtu. Anasema kutoka walipo wanaona mabati ya Goma, na mama kila saa anauliza nani anawalisha kuku. Nimekata tiketi ya Alhamisi. Lakini bado nataka kujua, kwa ajili ya siku nyingine: ule muhuri, kuna ambaye ulimkubalia?

Dogo wa Dallas:

Aksanti Mungu!! Mama Furaha, mzigo una nafasi? Sambaza kavu kilo mbili tu.